Ganda la Muti ndani ya Shindano

Majengo, siku ya ine ya homa.

Niko na miaka makumi munane na mbili. Nimepita volkano mbili, vita, na nimezika madokta wawili walioniambia nitakufa. Ndiyo maana nilikataza mujukuu wangu Neema asipate shindano, ile sindano ya chanjo ya malaria. Ganda langu la muti, nililomunywesha, lilitosha.

Leo Neema anatetemeka kwa malaria, hanijui. Mama Odette, muuguzi, akaniambia: "Muzee, ata ndani ya chanjo ile muko ganda la muti."

"Si nilisema!"

"Papa, ganda linaamusha askari wa mwili tu. Chanjo ndiyo inawaonyesha adui. Wewe uliwaamusha, ukawaacha wamesimama bure."

Nikasema: "Nilikosa." Mimi, kukosa!

Mama Odette ni shahidi wangu kwamba nilikubali. Wa pili atakuwa Neema, kama ataamuka nimwambie.