Kishikwambi cha Manila

Jumanne

Nimempa Akinyi alama nzuri tu. Ningefanyaje?

Muhula mzima nimemfundisha huyu mwalimu mwanagenzi kutumia vishikwambi darasani. Leo nimeenda shule ya Makongeni kumkagua, nikamkuta amechora kishikwambi kwenye karatasi ya manila na kukibandika ukutani.

"Vile vyenyewe viko wapi?"

"Viko kwa ofisi, Madam. Mwalimu mkuu amevifungia kabatini, bado viko na nailoni. Anasema watoto wataviharibu."

Wataviharibu! Basi vilinunuliwa vya nini? Nimechoka na kufuli za watu hawa, kwa kweli.

Somo likaendelea. Akinyi akamwita msichana mmoja aje abonyeze picha. Akabonyeza karatasi, akangoja. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Kisha akanigeukia mimi.

"Tichaa, imeisha chaji?"