Giza la Ndovu Rukanga

Dada Zuhura,

Nakusalimu kutoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Jua linachoma, na pojo za mwenyeji wangu, Mama Mghoi, zimeiva shambani.

Mchana nilimwonyesha ramani ya anga kwenye simu yangu, inayoonyesha nyota zitakavyokaa usiku. Nikasogeza saa zake mbele mpaka mwezi ukatua na ule ukanda mweupe wa nyota ukasimama juu ya mlima. "Hapo ndipo nitakapopiga picha," nikamwambia. "Nahitaji giza tupu, bila taa yoyote."

Akacheka. "Mwanangu, giza hilo ndilo la ndovu. Mwezi ukitua tu, wanaingia shambani. Tukizima moto wa kuwafukuza, wewe utabeba picha, sisi tule nini?"

Nikaizungusha ramani taratibu mpaka nikapata: nikisimama nyuma ya ghala, nyota zitajaa juu, na moto wao wa kulinda shamba utabaki mbali, chini ya picha, bila kuzififisha.

Mama Mghoi akaitazama simu, akasema, "Basi na mimi nitavaa leso mpya, nikae hapo kando ya moto."

Picha hiyo yenye moto itashinda ile niliyoipanga mwanzo, nina hakika. Nibusie mama yetu mkono, na Mungu awaweke salama.

Nduguyo,
Salim