Ghafla Iko Wapi?

Fenja mwanangu,

Supu ya dengu iko kwenye friji, ipashe kwa moto mdogo. Mfuko wa njano wa taka utoe nje leo jioni, gari linapita kesho alfajiri.

Samahani kwa kelele za asubuhi. Nilikuwa kwenye simu na baba yako. Nilimwandikia barua achangie vyuma vya kunyoosha meno yako, nikatia na majivuno: "kama tulivyotazamia tangu mwaka jana." Akanisomea maneno yangu mwenyewe. "Ingrid," akasema, "sheria ya matunzo ya mtoto inataka gharama ya ziada, juu ya pesa ninazotuma kila mwezi, iwe ya ghafla. Sasa hapa ghafla iko wapi?"

~~Baba yako ni bahili.~~ Baba yako anajua kusoma.

Kosa ni langu. Mimi ndiye ninayenunua mishumaa ya Krismasi mwezi wa nane. Meno yako niliyaandika kwenye kalenda ya jikoni kwa wino mwekundu kabla daktari hajamaliza kuyatazama. Vyuma utavaa vilevile, nimeomba zamu ya Jumamosi pale kwenye duka la mikate. Usimpigie baba yako kumgombeza. Nimeshamgombeza vya kutosha, nimechoka.

Alipokata simu nikazipekua kalenda zote za miaka ya nyuma. Kila kitu nilikiandika mapema, isipokuwa kimoja: siku aliyoondoka na sanduku lake. Hiyo ndiyo iliyokuja ghafla, Fenja, na hiyo haidaiwi.

Mama