Joto la Jumanne

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeapa kukueleza kila kitu leo, hata yale yatakayokuudhi, kwa hiyo nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na uifikishe mwisho. Natumaini u mzima, na mgongo umekupa nafuu tangu walipokuhamishia chumba cha kupimia watoto uzito hapo kliniki. Babu anaendeleaje na macho yake? Na mdogo wangu, ameacha kutafuna kucha? Mimi nimepona. Nilikohoa siku nne tu.

Mafua yenyewe yanapungua. Katika bweni letu la wasichana thelathini na sita, waliugua ishirini na mmoja. Chumba cha sayansi kimu kiligeuzwa wodi, meza zikasukumwa ukutani na magodoro yakatandikwa sakafuni, hatua mbili mbili kati yao. Tulikatazwa kupeana mikono na kuazimana vikombe. Mlezi wa bweni alitufunga barakoa kwa mkono wake, akivuta kamba hadi masikio yanauma, akisema pua si nguo hata ianikwe nje. Tulicheka, ingawa wakati huo mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa hospitalini, anavuta pumzi kwa mashine. Ametoka juzi. Akipanda ngazi ya kwenda darasani hukaa kwanza katikati.

Sasa nije kwa binti wa jirani yetu, ambaye huku wote tunamwita Zumari kwa sababu ya sauti yake. Yeye ndiye aliyetangulia kuugua. Jumatano ile alianguka katikati ya kipindi cha hisabati, na mlezi alipompima akakuta nyuzi thelathini na tisa na pointi saba. Jumatatu na Jumanne alikuwa ameimba na kwaya katika ukumbi uliofungwa madirisha, bega kwa bega na wale wadogo. Lakini daftari la afya, ambalo naliandika mimi nikiwa kiranja, lilionyesha kuwa siku zote hizo, na hata asubuhi ya Jumatano, joto lake lilikuwa thelathini na sita na kitu.

Mwalimu mkuu alisema homa hairuki hivyo yenyewe. Sanduku la Zumari likafunguliwa, wakakuta vidonge vya maumivu, vile ambavyo kila msichana hapa anavyo kwa ajili ya siku zake. Ikaamuliwa kwamba alivimeza kila alfajiri ili adanganye kipimajoto asikose mashindano ya kwaya. Alirudishwa nyumbani mara tu alipoweza kusimama, na bodi itakaa Ijumaa hii kuamua kama afukuzwe moja kwa moja. Siku hizi mtu akipiga chafya bwenini, wenzake humwambia amshukuru Zumari. Kitanda chake kimesuguliwa kwa dawa hadi rangi imebanduka, na hakuna anayekubali kukilalia.

Bwana afya alikuja kukagua. Akalifungua daftari langu, akawapitishia walimu, akasema hajaona lililojazwa vizuri kama hili, halina hata pengo moja. Nikapigiwa makofi mstarini. Wiki hiyohiyo ikaja barua yako, Mama, ukiniambia unajivunia kuwa na binti makini, na kwamba wewe na mama yake Zumari mnapishana bombani bila salamu, kwa kuwa hukupenda alivyomlea mwanawe. Sijawahi kuisoma barua yako mara nyingi kama ile.

Mama, sikumpima.

Kipimajoto ni kimoja, nacho hukaa kwapani dakika tatu. Kati ya kengele ya kuamka na mstari tuna nusu saa. Kiranja aliyenitangulia alinifundisha wanavyofanya miaka yote: pima wanaokohoa, hao wengine waandikie ya jana, ukipandisha au ukishusha pointi moja ili isionekane umenakili. Nilijiambia kwamba ni namna ya kazi tu. Jumanne Zumari alinifuata mwenyewe, akasema kichwa kinampasuka na mifupa inamuuma. Wasichana watano walikuwa bado kwenye foleni. Nilimwambia aache kudeka, akitaka kukwepa usafi atafute sababu nyingine. Akacheka kidogo, akaenda kuchukua ufagio. Mimi nikaandika thelathini na sita na pointi saba.

Ofisini, siku sanduku lake lilipofunguliwa, Zumari alisema sikumpima. Mwalimu mkuu akanigeukia, akaniuliza mbele yake. Nilijibu kwamba niliandika nilichoona. Zumari akaomba maji.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, nilikwenda kwa mwalimu wa nidhamu, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Alinisikiliza kwa upole. Halafu akalifunga daftari, akasema ripoti imekwishakwenda wilayani na muhuri juu yake, na kwamba nikianza kusema daftari ni la uongo, bwana afya atauliza tangu mwaka gani. Akaniambia mafua yananichanganya, nikapumzike. Kesho yake daftari halikuwepo rafuni. Nimepewa jipya, na kila asubuhi nawapima wote thelathini na watano. Tunachelewa mstarini, tunaadhibiwa, na wenzangu wamechoka nami.

Barua zetu husomwa ofisini, kwa hiyo hii ataileta mwalimu wa muziki, anayekuja mjini kesho na kurudi Jumatano. Nimeiandika kwa wino, nimetia sahihi kila ukurasa, tarehe iko juu. Bodi haiwezi kusema haikuambiwa ikisomewa barua hii na mama yake Zumari. Najua itabidi umpelekee wewe mwenyewe, na kwamba kuanzia siku hiyo watu wa bombani watanitaja mimi. Huenda nitavuliwa ukiranja, huenda na shule yenyewe. Nimelifikiria hilo, na bado naona afadhali.

Nisalimie Babu, umwambie nasoma kwa bidii. Mdogo wangu mbusu kwenye paji la uso. Mwalimu wa muziki atasubiri jibu lako mlangoni, nalo laweza kuwa neno moja tu: utampelekea mama yake Zumari?

Binti yako,
wa bweni la pili