Majani ya Njano Uani Kwangu

Mjukuu wangu Neema,

Salamu nyingi zikufikie huko Cape Town. Sisi hapa Bertrams tu wazima. Baba yako anakula vizuri, na mimi nimemnunia tangu Jumapili.

Umeniuliza, "Gogo, kwa nini ulimfokea baba mbele ya wageni wa kanisa kwa sababu ya majani?"

Majani! Maua yangu ya kwenye makopo ya rangi yalichanua Septemba mpaka majirani wakaja kupiga picha. Yalipokwisha, majani yakaanza kuwa ya njano, basi baba yako akayakata yote, eti ua wetu upendeze. Mara ngapi nimemwambia? Maua haya huota kwenye kitunguu, na jani la njano bado linakilisha huko udongoni. Ukilikata mapema, mwakani hakichanui.

Nilipokuwa msichana kule Bukavu, wajomba zangu walimnyang'anya nyanya yangu jembe. "Umezeeka, Mama, pumzika." Walidhani wanamheshimu. Wakamweka kwenye kiti mlangoni, na yeye ndiye aliyekuwa akituchagulia mbegu za maharage. Msimu ule tulipanda ovyo, tukavuna maganda matupu. Yeye, pale kitini, akayapasua maganda yale moja moja.

Mimi si mpole kama yeye. Nilifoka maana baba yako ameshatafuta mtu wa kununua cherehani yangu. Eti nipumzike! Na mkasi aliokatia majani ni wangu wa vitambaa, eish! Nimeshaunoa. Mwambie Jumatatu nitautumia kukata gauni la bibi harusi.

Gogo wako, fundi