Hewa Nzuri Inakuja Saa Ngapi?

Jumamosi, Oktoba. Kibakwe. Jua limekaza tangu asubuhi na mvua hata dalili hakuna. Sina raha.

Nimetoka Dodoma kuja kumwona mama. Kabla sijatua begi nimemsikia akikohoa ndani, nikatamani kurudi stendi.

Maana mimi ndiye niliyemhamishia huku juu mlimani.

Mama ana pumu. Likizo ya Agosti nilikuja na kifaa cha chuo cha kupima moshi na vumbi hewani. Kama mtu yeyote wa huku, mlima naupanda alfajiri. Mchana ni wa kukaa kivulini. Nikapima kuanzia nyumbani kwetu bondeni hadi kwa mjomba, nyumba ya mwisho juu. Bondeni namba zilikuwa mbaya, moshi wa kuni umelala palepale kwenye baridi. Kila nilivyopanda, zilishuka. Saa nne nilikuwa nimesharudi, nakunywa uji, najiona bingwa.

Nikamwambia mama ahamie kwa kaka yake. Alilia kuacha kuku wake, lakini alikubali kwa sababu mimi ndiye msomi wa familia.

Msomi!

Leo nimepima mchana kwa mara ya kwanza. Bondeni wanachoma mashamba kungoja mvua, kama kila mwaka. Ikifika saa saba mteremko umeshapata joto, hewa inapanda, na moshi wote unapanda nayo hadi uani kwa mjomba. Namba za huku zimezipita za bondeni mbali sana. Nimepima mara tatu, nikitumaini kifaa kimeharibika.

Nilipomwamkia, mama aliitikia marahaba kwa shida, kisha akauliza bila hasira, "Mwanangu, ile hewa nzuri uliyosema inakuja saa ngapi?"

Nimteremshe? Kule atakohoa asubuhi. Nimwache? Huku atakohoa mchana. Niwakataze watu kuchoma? Shamba linalowaka zaidi ni la baba mdogo, na mahindi ya shamba hilo ndiyo yaliyonisomesha. Nimeloweka kanga, nikaitundika mlangoni. Ndiyo elimu yangu yote iliyobaki.

Jioni nikamjibu, "Alfajiri, mama."

"Basi uniamshe," akasema, "tuivute wote."

Nitamwamsha. Na saa saba ikifika, nitamwambia nini?