Sinia la Watu Watatu

Dada yangu Hadija,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa, na kwamba mvua ya huko Tabora imeyawahi mahindi. Mimi mzima, ila goti la kushoto, na nyumba ilivyo kimya. Tangu marehemu mume wangu aondoke, huu ni mwaka wa tisa, napika kikombe kimoja cha mchele na bado kinabaki.

Uliniuliza, "Zuhura, huko Pemba una nani? Rudi nyumbani." Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri sherehe ya mji. Nilijiwekea sharti: mwaka huu nikikaribishwa kwenye sinia, nabaki. Nisipokaribishwa, nauza masufuria yangu yote kumi na moja na kupanda meli.

Mji wetu huu mdogo wa bandari husherehekea kuzaliwa kwake kila baada ya miaka mitano. Sherehe ya kwanza niliyoikuta hapa haikuwa na turubai wala kipaza sauti. Ng'ombe wa mchezo, yule wa kuchokozwa na vijana uwanjani, alikata kamba akaingia skuli, walimu wakapanda juu ya madawati. Nilipika masinia thelathini. Ya pili, masinia sitini, na jenereta iliyonguruma kuliko hotuba. Ya tatu, mia na kumi, na keki kutoka Unguja iliyofika imelala upande mmoja. Mgeni rasmi akaikata hivyo hivyo, watu wakapiga makofi. Ya nne, mia na arobaini. Sinia moja watu wanne, piga hesabu mwenyewe. Wote hao walikula kwa mkono wangu, dada.

Na mara zote nne, nikishapakua, nilisimama nyuma ya skuli, upande wa wanawake, mwiko mkononi, nikisubiri mtu aseme, "Bi Zuhura, karibu." Hakusema hata mmoja. Nikala ukoko jikoni, wima. Nikasema moyoni, mbara, mtu wa bara, ni mbara tu, hata akae miaka ishirini na miwili.

Mwaka huu kamati ikaja na mambo mapya: chakula kipikwe mjini Chake Chake, kije na gari, kila mtu na boksi lake. Mimi nikaletewa kadi yenye jina langu, na chini yake, "Mgeni Mwalikwa". Nilifurahi, nisikufiche. Nikapiga pasi kanga.

Hotuba zilikuwa saba. Kisha yakagawiwa maboksi: pilau, paja la kuku, ndizi moja, kijiko cha plastiki. Watu wakayatia mifukoni wakaenda makwao. Uwanja ukabaki viti na mimi. Sasa sharti langu nilipime kwa kipi, na masinia yenyewe hayapo?

Akaja Bi Mize, jirani yangu wa mlango wa pili, boksi mkononi kama kabeba kuku aliyekufa.

"Weye, wayala haya? Mie si mgonjwa wa spitali. Twende kwako, una sinia."

Tukaenda. Tukamimina maboksi mawili kwenye sinia moja, tukakaa mkekani. Nikamwonyesha kadi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mie sikuletewa. Mwenyeji kadi ya nini? Leo ndo wamekufanya mgeni, nawe wachekelea!"

Ndipo nikamtolea yote, dada, kwa hasira. Mara nne! Hakuna aliyenikaribisha!

Akaacha kula. "Tukukaribishe chakula chako? Mpishi ndiye mwenye shughuli. Yeye ndo akaribishaye ntu, kisha akaa apendapo. Sie tulikaa watatu, mie na wifi yangu na Bi Raya, upande mmoja twakuachia. Kila mara. Weye wasimama na mwiko wako kama askari. Bi Raya akisema, 'Yule hataki kutia mkono pamoja nasi.' Ilimuuma."

Bi Raya tulimzika mwaka juzi, wifi yake Bi Mize kabla ya hapo. Nilipeleka pilau matanga yote mawili, na huko nako nilisimama.

Mimi ninayejua kugawa kila kitu kwa nne, sikuwahi kutupa jicho nikahesabu watu wa sinia moja.

"Kula," akasema Bi Mize, "wali wapoa." Tukala. Pande mbili za sinia zilikuwa wazi, na pilau ya Chake haina chumvi.

Basi, dada, jibu langu ni hili: masufuria siuzi. Nikiondoka, huyu mama atakula peke yake, na hilo nalijua lilivyo. Mguu ukiruhusu, njoo wewe. Ukifika usingoje kukaribishwa, kaa.

Nisalimie shemeji, na binti yako mkubwa mwenye mapacha, na shangazi yetu anayeniita Mpemba. Mwambie bado, ila nimeanza.

Mdogo wako,
Zuhura